Bi Kidawa Ukasha na Karatasi Iliyosema Bukini

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na kwa wenzetu wa imani nyingine mliotoka Kilindoni na Utende kuja kutufariji, poleni kwa safari na ahsanteni kwa kuja. Imamu Ussi ametupa nafasi fupi kabla ya maiti kutoka ndani kuelekea msikitini, ametusihi tusirefushe, nasi tumemwahidi, lakini marehemu mwenyewe aliacha agizo kwamba historia yake isomwe yote bila kukatwa, na mnaomjua mnajua kwamba Bi Kidawa hakuwa mtu wa kukatwa maneno hata alipokuwa hai, kwa hiyo leo tutamtii yeye, na Imamu atatusamehe.

Marehemu Kidawa binti Ukasha Abeid alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 7 Aprili 1956, hapa hapa Baleni, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kisima cha zamani, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu Mzee Ukasha Abeid, mkwezi wa minazi, na marehemu Bi Somoe Iddi, wa pili akiwa Mbaraka, ambaye ndiye huyu anayewasomea. Mama yao alifariki mwaka 1963, Kidawa akiwa na miaka saba na Mbaraka akiwa hata kutembea hajakuwa hodari, wakalelewa na Bi Mize binti Hemedi, mwanamke ambaye Mzee Ukasha alimwita mama mlezi, kwa kuwa ilijulikana kijiji kizima, na Ukasha mwenyewe alijua hivyo tangu apate akili, kwamba yeye hakuzaliwa hapa, bali aliletwa na chombo akiwa mchanga kutoka Bukini, nchi ambayo siku hizi tunaiita Madagaska, na mume wa Bi Mize, Mzee Abeid, aliyekuwa baharia, ndiye aliyempokea. Watu walimwita Mbuki, naye aliitika bila kinyongo, na kila aliposikia kwamba pwani kumefika watu waliopita Bukini aliacha mnazi nusu, akateremka, akaenda kuwauliza kama huko kuna jamaa waliowahi kupoteza mtoto wa kiume mwaka 1931, kisha akarudi nyumbani bila jibu, na Bi Mize akamtengea chakula bila kumuuliza alikotoka.

Marehemu alisoma Shule ya Msingi Baleni kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana bara, akahitimu kidato cha nne mwaka 1974, kisha akajiunga na chuo cha wauguzi Dar es Salaam, akatoka huko mwaka 1978 akiwa muuguzi mkunga mwenye cheti, binti wa kwanza wa kijiji hiki kufika hapo, na wanaokumbuka wanasema Mzee Ukasha alikizungusha kile cheti nyumba hadi nyumba mpaka kikaanza kupauka, ikabidi anyang'anywe.

Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1978, akafanya kazi katika zahanati ya hapa Baleni, baadaye hospitali ya wilaya Kilindoni, na miaka yake ya mwisho alikuwa zahanati ya Utende, mpaka alipostaafu kwa heshima mwezi Aprili 2016. Kwa miaka thelathini na minane alipokea watoto elfu tatu na ushei wa kisiwa hiki, wengi wao mmekaa chini ya turubai hili, na kwa kila mtoto alijaza kadi kwa mkono wake, jina, siku, saa, mahali, mama, baba, na wenzake wa kazi wanakumbuka alivyokuwa mkali wa maandishi, kwani hakuandika jambo la kusikia, aliandika alichokiona kwa macho yake, na mama aliyejaribu kumchomekea jina la baba ambaye siye alitazamwa mpaka akasema kweli mwenyewe.

Alifunga ndoa na Bwana Muhidini Makame, fundi wa mashua wa Utende, siku ya Ijumaa, tarehe 12 Septemba 1980, wakajaliwa watoto wawili, Faraja aliyezaliwa mwaka 1982 na Hemedi aliyezaliwa mwaka 1985, ambao wote wapo hapa, pamoja na wajukuu watano. Mzee Ukasha alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 3 Februari 1989, Bi Mize akamfuata mwaka 1993, na Bwana Muhidini alitangulia mbele ya haki mwaka 2011, Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Sasa tunafika mahali ambapo historia nyingine husema marehemu alistaafu, akapumzika na wajukuu, akaugua, lakini Bi Kidawa hakupumzika, na ndiyo sababu ya kusema tusikatwe. Alipostaafu alikuwa na nia moja tu, kwenda Makka kuhiji, na tarehe 14 Machi 2017, maandikisho ya vitambulisho vya taifa yalipofika Baleni, yeye na mdogo wake walipanga foleni siku moja, wakakaa benchi moja, wakapewa fomu za namna moja, na palipouliza baba alizaliwa wapi, Mbaraka aliandika Baleni ili mambo yaishe, na dada yake aliandika Bukini, akaambatanisha na karatasi mbili alizozitoa kwenye kasha la baba yao, cheti cha chanjo ya ndui cha mwaka 1937 na cheti cha ndoa cha mwaka 1954, zote mbili zikisema mzaliwa wa Majunga, Bukini. Mbaraka alimwambia palepale, "Dada, andika Baleni, nani atakuja kufukua?", naye akamjibu kwa sauti iliyosikika foleni nzima, "Nimeandika watoto elfu tatu sijaandika nisichokijua, leo nianze na baba yangu?"

Mbaraka alipata kitambulisho chake mwezi Juni mwaka huohuo. Bi Kidawa aliitwa ofisini tarehe 9 Novemba, akaelezwa kwamba kwa karatasi zake mwenyewe yeye ni mtoto wa mgeni, na kwa kuwa upande wa mama hakukuwa na karatasi hata moja, uraia wake utasubiri uthibitisho. Kijana aliyemweleza, Bwana Isdory, alikuwa na miezi minne tu hapa kisiwani, alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akayasema hayo akiwa ameinamisha macho kwenye jalada, na alipomaliza aliongeza kwa sauti ya chini, "Mama, ungeandika Baleni tu, yangekwisha." Tangu siku hiyo hadi jana ni miaka saba na miezi tisa, na katika muda wote huo Bi Kidawa aliishi katika kisiwa alichozaliwa kama mtu aliyefungiwa mlango kwa nje.

Si maneno ya kupamba msiba, kwa kuwa laini ya simu aliyotumia iliandikishwa kwa jina la Faraja, pasipoti hakuweza hata kuiombea fomu, na mahujaji wa Mafia waliondoka mwaka 2018, wakaondoka 2019, wakaondoka 2022 na 2023, na kila safari yeye ndiye aliyewapima shinikizo la damu na kuwafungia dawa, akawasindikiza hadi uwanja wa ndege Kilindoni, akarudi nyumbani, akafunga mlango. Hakuweza hata kujitetea kwa jambo lililo wazi, kwamba ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja ameshapewa, maana aliona kwamba kalamu iliyomsimamisha yeye ingeweza kumrudia na Mbaraka, basi akakaa kimya kwa ajili yake miaka yote hiyo, na Mbaraka naye, kwa aibu inayomkaa hadi leo, alikaa kimya kwa ajili ya nafsi yake. Mbaraka anayasoma haya huku Bwana Isdory akiwa amekaa pale safu ya pili, na anajua anachokisoma.

Ofisi ilimtaka alete barua kutoka Majunga, ama ya kuthibitisha kwamba baba yake alizaliwa huko, ili aombe uraia kama mtoto wa mgeni, ama ya kukanusha, ili ahesabiwe mzaliwa. Bi Kidawa aliuliza ataifuataje barua hiyo bila pasipoti, akaambiwa pasipoti hutolewa kwa mwenye kitambulisho, akauliza kitambulisho kitapatikanaje, akaambiwa kwa hiyo barua, na alipotusimulia jioni ile alicheka mpaka akapaliwa na chai, kisha kicheko kikageuka, na sote tukajifanya tunatazama kwingine. Aliandika barua yeye mwenyewe, mwalimu mmoja wa sekondari akamgeuzia kwa Kifaransa, ikatumwa mwezi Januari 2019, na huku akisubiri jibu alikwenda Dar es Salaam, akakaa siku nne katika chumba cha nyaraka za kale akifungua orodha za mabaharia wa Mafia, mpaka akaliona jina la Abeid kwa wino uliofifia, kwamba alikwenda Majunga mara moja tu maishani mwake, mwaka 1926, miaka mitano kabla ya mtoto kuzaliwa, hivyo hakuweza kumtoa huko. Alirudi na nakala yake mkononi akiwa na furaha kama ya msichana, na ofisi ikampokea vizuri, ikamwambia karatasi hiyo inaonyesha safari ya Abeid, haionyeshi kuzaliwa kwa Ukasha. Jibu la Majunga lilifika Februari 2020, likasema mtoto wa jina hilo hakuonekana, ila vitabu vya mwaka huo vimeliwa na maji, hivyo hawawezi kusema yupo wala hayupo.

Hapo alivunjika moyo, tuseme ukweli. Alikaa miaka miwili bila kuligusa lile jalada, na kilichomuuma kilikuwa kimeshapita kitambulisho, kwani usiku na mchana alijiuliza baba yake alikuwa mtoto wa nani, kama kweli aliibwa, au alitupwa, au kuna aibu ambayo wazee wa Baleni waliificha na kufa nayo. Aliyemfungulia njia alikuwa rafiki yake wa kazi, Bi Getrude, muuguzi mwenzake, ambaye alikuwa akienda kisiwani Juani kila mwezi kwa kliniki ya wazee, na huko kulikuwa na ajuza mmoja anayekaa karibu na magofu ya Kua, Bi Kazija, mzaliwa wa Baleni aliyeolewa Juani, ambaye siku moja alimshika mkono akamwambia, "Kamwambie Kidawa, baba yake alipitishwa dirishani na mama yangu ndiye aliyempokea." Bi Getrude ni mtu wa bara, hakuelewa dirisha gani, akadhani ni habari ya wizi wa mtoto, akaogopa kumwongezea mwenzake kidonda, akakaa nayo mwaka mzima kabla ya kuisema.

Bi Kidawa alivuka kwenda Juani tarehe 22 Agosti 2022, na mara ya kwanza Bi Kazija alikataa, akasema mambo ya ndani hayaandikwi, na mara ya pili akakubali kunywa chai tu, na mara ya tatu, baada ya kuuliza kama ni kweli kwamba wajukuu wa Ukasha wote wameshakuwa watu wazima wenye watoto wao, ndipo aliposema, "Basi, kilichoogopwa kimeshapita." Akaeleza kwamba Bi Mize alikuwa amezaa watoto wanne, na wote wanne walikufa kabla ya kutimiza siku arobaini, na mwaka 1931 alipomzaa wa tano, jirani yake, yaani mama yake Bi Kazija, aliitwa haraka kabla kilio cha mtoto hakijasikika njiani, mtoto akapitishwa kwenye dirisha la uani, jirani akamlipia pishi moja ya mtama, kama mtu aliyemnunua, akamlaza kwake siku saba, na siku ya nane akamrudisha kwa mlango wa mbele mchana kweupe, akasema mbele ya watu, "Mize, nimekuletea mgeni kutoka Bukini, mlee." Sharti la jambo hilo lilikuwa moja, kwamba Bi Mize asimwite mtoto yule mwanangu, si kwa mume, si kwa jirani, si kwa mtoto mwenyewe, ili kilichowachukua wale wanne kisijue kwamba kuna wa tano, na kijiji kizima kikaingia katika siri hiyo, na waliojua walipokwisha kufa, waliobaki walikuwa wamesikia Bukini tu.

Kwa hiyo alipokuja karani wa ndui mwaka 1937 na kumuuliza Bi Mize mtoto huyu kazaliwa wapi, alijibu alivyoapa kujibu, na karani alipotaka jina la mji, Mzee Abeid akataja Majunga, kwa kuwa ndiyo bandari aliyoijua, na mwaka 1954 kalamu ya ndoa ikanakili kalamu ya ndui. Mtoto akaishi. Akaishi miaka hamsini na minane, akioa, akizaa, akiuliza kwa wageni habari za mama yake, na mama yake yupo jikoni anasikia. Na Bi Kazija akaongeza jambo ambalo Bi Kidawa hakulijua, kwa kuwa wanawake hawaendi makaburini, naye alikuwa chumba cha ndani na waliokuja kumpa pole, kwamba siku alipozikwa Ukasha, msomaji wa talkini, yale maneno anayosomewa maiti kaburini, alituma mtu nyumbani kuuliza jina la mama wa marehemu, maana katika talkini mtu huitwa kwa mama yake, na Bi Mize, mwenye umri wa miaka themanini na moja, mwanawe akiwa ameshafukiwa, aliwatazama vitukuu wake wawili, Faraja na Hemedi, akawahofia, akajibu, "Semeni mwana wa Hawa," kama anavyoitwa mtu asiyejulikana mama yake.

Bi Kidawa aliporudi kutoka Juani alikuja moja kwa moja nyumbani kwa Mbaraka, akakaa chini kwenye mkeka, akalia kwa sauti, akisema, "Nilimwita bibi mlezi, Mbaraka, miaka thelathini nilimwita mlezi." Aliwakumbuka wanawake waliokuja kwake zahanati wakiwa wamezika watoto watatu, wanne, namna walivyokataa kumtazama yule mpya usoni, na yeye alivyowagombeza, na alisema kama angejaaliwa kuwapata tena angewaomba radhi mmoja mmoja.

Tarehe 11 Novemba 2023, Bi Kazija, akiwa na miaka tisini na saba, alibebwa kwa kiti kutoka mashuani hadi kwa wakili Kilindoni, akala kiapo, akatia dole gumba, na karatasi hiyo ikapelekwa ofisini siku hiyohiyo. Majibu yalitoka mwezi Julai 2024, na Bwana Isdory hakumpigia simu, aliyaleta kwa miguu yake, akakaa barazani, chai akaiacha ikapoa, akasema, "Mama, nimeona aibu kukuita ofisini kwa hili." Barua ilisema kiapo kimepokelewa, ila kwa kuwa shahidi alikuwa na umri wa miaka mitano wakati wa tukio, mwombaji anashauriwa kuleta shahidi mwenye umri mkubwa zaidi. Bi Kidawa aliisoma, akaikunja, akamwambia yule kijana anywe chai yake, kosa si lake, na tangu hapo hakuiandikia ofisi tena.

Afya yake ilianza kulegea mwezi Oktoba 2024, ikagundulika kwamba ni figo, akatibiwa hospitali ya wilaya na baadaye Dar es Salaam kuanzia Februari hadi Mei 2025, kisha akaomba mwenyewe arudishwe Baleni. Alifariki dunia jana, Jumatano, tarehe 20 Agosti 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, Faraja akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Saa sita mchana fomu ya kifo ilijazwa, haikuchukua dakika kumi, na penye uraia mtendaji aliandika Mtanzania bila kumuuliza mtu yeyote, akahamia mstari unaofuata, na Mbaraka akaomba aione tena ile fomu, akaisoma mara mbili, akashindwa kumrudishia mpaka Hemedi alipoitoa mikononi mwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote wa hapa na wa Dar es Salaam waliomhudumia, inamshukuru Bi Getrude aliyemwogesha mgonjwa kila siku kwa miezi mitatu kana kwamba wamezaliwa tumbo moja, inawashukuru majirani wa Baleni kwa maji, kuni na usingizi mliokosa, wafanyakazi wenzake wa Utende na Kilindoni, na Bi Kazija, ambaye ameshindwa kuvuka leo kwa sababu ya miguu, lakini ametuma salamu na udi. Tunamshukuru pia Bwana Isdory, na tunamwambia mbele yenu kwamba jalada la dada litakapofungwa, la Mbaraka lipo, alifungue akitaka, safari hii tutajibu sote kwa pamoja.

Agizo la mwisho la marehemu, aliloandika kwa mkono wake mwezi Juni na kutia saini na saa, lilimhusu baba yake, na Imamu Ussi amelikubali. Tutakapomaliza kumzika Kidawa na kumsomea talkini, Kidawa mwana wa Somoe, tusitawanyike, tutasogea hatua nne hadi kwenye kaburi la Mzee Ukasha, na Imamu atamwombea dua kwa jina alilonyimwa siku ile, Ukasha mwana wa Mize, aliyezaliwa Baleni, na atalisema kwa sauti, na sisi tutaitikia kwa sauti, wanawake waliobaki hapa nyumbani wasikie.

Tangulia kwa salama, dada.